Siku Ndege ya Viraka Ilipotua Shituru

Ninyi vijana wa leo munaangalia filme kwa kidole. Filme inaanza, kidole kinapita, mumeshahamia kwa ingine. Sina ubaya na kidole chenu, hata mimi niko na telefone. Lakini juzi mujukuu wangu Grâce aliniuliza, "Nkambo, juu ya nini bantu ba Shituru banakuitaka Mama Sinema, na hauna hata sinema moja?" Nikaona kumbe kazi yangu imekufa na hakuna aliyeifanyia kilio. Basi muketi. Sauti yangu imebakia kidogo, musinilazimishe kurudilia.

Kazi yangu ilikuwa kusema filme. Si kucheza ndani, hapana, kusema. Hapa Likasi, mbele ya telefone kuingia mufukoni mwa kila mutu, tulikuwa na salle za video: nyumba moja ndefu, mabenchi, blanketi kwenye madirisha ili jua lisiingie, televizio kubwa juu ya meza, na pembeni yake mutu mumoja na mikro. Filme zilisema Kichina, Kihindi, Kiingereza, na watu walitaka Kiswahili. Mutu wa mikro ndiye aliyewapa. Kwenye salle yetu ya Shituru mutu huyo nilikuwa mimi, Anasta, mwanamuke katikati ya wanaume wenye kupenda bunduki na mateke.

Musiniulize nilijifunza Kichina wapi. Sikujua hata neno! Unaangalia macho ya mutu, mabega yake, mukono wake unaelekea wapi, na unajua anasema nini. Mwanaume anayemudanganya bibi yake anasimama namna moja, awe China awe Kakontwe.

Aliyeniingiza ni Papa Romain, mwenye salle. Mbele alikuwa anasema yeye mwenyewe, lakini meno yake ya mbele yalipotoka, kila "s" ikawa filimbi ndani ya mikro, na watoto wakaanza kumujibu kwa filimbi. Mimi nilikuwa nauza viazi vitamu mulangoni. Akanisikia ninavyoita wateja, akatoka, akanishika mukono: "Mama, acha bilazi, kuja huku. Ile kinywa Mungu hakukupatia juu ya bilazi."

Alinifundisha mambo machache, lakini hayakunitoka. Usikule karanga mbele ya kazi, zinabakia kwenye koo. Kunywa maji ya moto na tangawizi, hata kama ni Oktoba na joto inataka kukuua. Shika mikro chini ya kidevu, watu hawakuja kusikia mate yako. Na kama wawili kwenye filme wanaanza kubusiana, na mama wa kanisa wako benchi ya mbele, sema tu, "Hapa wanaomba." Siku moja maombi yalikuwa marefu sana, marefu kweli, mupaka bibi muzee mumoja akajibu kwa nguvu, "Amina!"

Makosa? Wee! Nilikuwa mupya, tukawa na filme ya kupigana. Shujaa anapigwa risasi kifuani, anaanguka ndani ya muto. Mimi na machozi yangu nikatangaza: "Njo vile, bandugu, amekufa, tumulilie." Wanawake wakaanza kulia kweli. Kidogo tu, huyu hapa anatoka majini, anakamua shati. Salle nzima ikanigeukia. Nikasema, "Huyu ni mapasa mwenzake, walizaliwa siku moja!" Sasa kwetu mapasa hawatajwi hivi hivi, lazima waimbiwe. Wanawake wakasimama, wakaanza nyimbo za mapasa, zile zenye matusi, na makofi, filme ikaendelea peke yake. Na mimi nikabeba yule mapasa mupaka mwisho: kila mara mutu alipomukumbatia shujaa, nilipaswa kueleza kwamba anamufananisha na marehemu. Papa Romain alicheka mupaka akaketi chini. "Anasta," akaniambia, "usiue muntu mbele ya kuona kaburi yake." Somo hilo linafaa hata inje ya sinema.

Sasa nifike kwa mume wangu Célestin, maana bila yeye maneno haya hayana mbele wala nyuma. Alikuwa mwendeshaji wa pont ndani ya usine, kiwandani. Pont ni mashine inayotembea kwa reli juu kabisa, karibu na mabati, na kuinua mizigo kwa ndoano. Yeye alikaa kutwa nzima ndani ya kibanda chake kule juu, anatazama vichwa vya watu. Wenzake walimuita Pilote. Chini yake alisimama rafiki yake Kasongo, mwenye kufunga mizigo na kumuonyesha kwa mikono: pandisha, kushoto, teremusha, simama. Makelele ya usine hayaruhusu sauti. Miaka mingi wa juu na wa chini walizungumuza kwa mikono tu, na hakuna mutu aliyeumia.

Kisha ugonjwa wa macho ukamupata Célestin. Ulikuja polepole, kwanza pembeni, kisha katikati. Munganga akatuambia ukweli, hakutuficha. Célestin akateremuka ngazi ya pont na hakupanda tena.

Munafikiri ubaya ulikuwa giza? Hapana. Ubaya ni kwamba alijifungia chumbani. Misa, hapana. Kilio cha jirani, hapana. Kila siku ya yenga, watu wakitoka kanisani, Kasongo alikuja kumuamkia. "Mwambie ninalala!" Célestin alipiga kelele kutoka chumbani, na Kasongo mwenyewe alisikia. Kasongo alicheka tu. "Sawa, Mama Anasta. Akiamuka, umwambie nilipita." Na yenga ingine huyu tena, na shati yake ya misa.

Nilimugombeza mume wangu. Nilimubembeleza. Akanijibu, "Pilote bila macho ni muzigo, Anasta. Na minye nilibebaka mizigo. Sitaki kubebwa." Usiku nililala na neno hilo kama jiwe chini ya mugongo. Nilimuomba Mungu kitu kimoja tu: huyu mwanaume apite ule mulango, atoke inje kwa watu, mbele hajafa akiwa muzima.

Sikujua kwamba Mungu atajibu kwa mbuzi.

Nyumbani tulikuwa na televizio ndogo. Mbele ya kusema filme kwenye salle niliijaribu kwanza pale, na Célestin alisikiliza kutoka kitandani. Mara ya kwanza nilisema kama kawaida yangu, maneno ya watu tu. Akakasirika. "Banasema, banasema! Mais banasimama wapi? Kuko jua ao kuko mvua? Uko unaniachia inje ya nyumba na minye nasikia bantu banakula." Nilitaka kumujibu vibaya. Kisha nikaona yuko na haki. Nikaanza kusema na jua, na mvua, na rangi ya ukuta, na namna mutu anavyoshika kikombe. Papa Romain alinifundisha kinywa, lakini macho nilifundishwa na mutu asiyeona. Namushukuru kwa hasira ile mupaka leo.

Basi, siku moja Papa Romain akanunua disque sokoni, filme ya picha za kuchorwa. Karatasi ya juu ilikuwa ya Kichina, watu wa ndani walisema Kijapani, na sisi Waswahili katikati. "Ya batoto," akaniambia. "Usichoke nayo sana."

Mule ndani kuna mama muzee, munene, fundi wa nguo, anaishi kilimani. Mvua imekataa kuja kwao kwa sababu wingu la kijiji limepotea njia. Wakubwa wa kijiji wanakaa, wanakunywa chai, wanazungumuza. Yule mama anasema: ng'ombe akipotea, si mutu anaenda kumutafuta? Anashona ndege. Anashona, ndiyo! Anapita nyumba kwa nyumba kuomba nguo kuukuu: suruali ya mwalimu, shuka ya wazee wawili, rinda la bibi arusi, na pazia kubwa la njano ambalo linafunika mabawa yote mawili. Anapanda na mbuzi wake, mbuzi mwenye kuogopa kuwa juu, na wanaenda kufunga wingu kwa kamba na kulirudisha nyumbani.

Mutaniambia ni upuuzi. Ni upuuzi, nakubali, upuuzi mutamu. Lakini fikirini sisi ni watu gani. Hapa kila kitu kinatoka ndani ya udongo na ni kizito: mawe ya Kakontwe, shaba, mifuko ya simenti. Mutu anarudi nyumbani na mabega yamelala. Sasa unamuonyesha kitu kilichoshonwa kwa suruali ya mutu mwingine, na kitu kile kinapanda! Kinapita juu ya mashamba, taratibu, na kwa muda murefu hakuna mutu anayesema neno, ni upepo tu. Wasemaji wengine waliogopa sehemu kama hizo, walizijaza kwa utani ao walizipitisha mbele. Mimi nilimuambia Célestin vyote: kivuli cha ndege kinavyoteleza juu ya majani, rinda la bibi arusi linavyopiga kelele kwa upepo, mbuzi anavyojifunika macho kwa masikio yake mwenyewe.

Kisha akauliza, "Sasa ndege iko wapi?"

"Juu ya muto."

"Inainama upande gani?"

"Kushoto."

Nikageuka kumutazama kitandani. Alikuwa ameinama kushoto, mikono mbele, kama vile yuko kwenye pont yake.

Tuliirudilia filme ile mupaka mbuzi akawa kama mutu wa nyumba. Nilipoisema kwenye salle, watoto walikuja, kisha mama zao, kisha hata wale wanaume wa bunduki na mateke. Nilirudi nyumbani na kumuambia Célestin namna watu wanavyomucheka mbuzi, mabati yanataka kutoka. Akakataa. "Unasema bongo, unanidanganya. Mbuzi hawezi kuchekesha bantu ba Shituru. Nabajua."

"Kuja usikie na masikio yako," nikamuambia, na nilikuwa namutania tu, sikuwa na matumaini.

Yenga iliyofuata, nimeshavaa ili niende, nikasikia sanduku linafunguka chumbani. Anatafuta shati. Niliogopa nikisema kitu atarudi kitandani. Akaniwekea masharti: tuingie wa kwanza, mbele ya watu kufika, akae benchi ya mwisho kwenye ukuta, na nisimuambie mutu yeyote kwamba yuko. "Nasikia mbuzi, tunarudia ku nyumba."

Siku ile mimi mwenyewe nilikuwa na kikohozi. Tangawizi ilikuwa imeshindwa. Lakini mikro inasaidia, unanong'ona na yenyewe inapiga kelele. Salle ikajaa, mupaka wengine wakakaa chini. Mbuzi akajifunika na masikio yake, na watu wakacheka vile wanavyojua kucheka, na mimi katikati ya kicheko chote nikasikia kicheko kimoja cha nyuma ambacho sikukisikia tangu macho ya Célestin yalipozimika. Nikapoteza sentensi yangu. Mutoto mumoja akaniita, "Mama, sema!"

Tukafika mwisho. Ndege inarudi, inavuta wingu. Wingu ni nzito, maji yanaingia ndani ya nguo, uzi unakatika, kiraka kimoja kinatoka, kingine kinatoka. Mafuta yamekwisha. Watu wamejishika vinywa.

Paa! Courant ikaenda, televizio na mikro vikazimika.

Hapo mujue sheria ya salle yetu. Papa Romain aliiweka tangu zamani: courant inaenda, filme haiendi. Msemaji anamaliza kwa kinywa. Basi nikasimama, nikafungua kinywa, na bila mikro ikatoka sauti kama mulango wenye kutu. Nikajaribu tena. Hakuna kitu. "Mama, ndege! Ndege imeanguka ao?" Papa Romain akajaribu kusaidia, na filimbi yake ikaleta kicheko kibaya, kile cha watu wenye kukasirika. Mutu mumoja akaenda kutoa blanketi dirishani, wamalize, watoke.

Na kutoka nyuma, sauti ikasema:

"Ndege iko juu ya ziwa."

Mwenye blanketi akasimama. Jirani yake akamuambia, "Acha! Acha giza, tusikie."

"Iko juu ya ziwa," Célestin akaendelea, "inainama kushoto. Maji imeingia mu nguo, njo maana iko nzito. Suruali ya mwalimu imetoka, inaanguka. Shuka ya bazee nayo inaanguka. Mama anashika kamba ya wingu, hataki kuiachilia. Na motere imezimika. Kuko kimya."

Ndani ya giza lile hakuna mutu aliyeona kumupita yeye.

"Chini kuko bantu. Mwalimu anaona suruali inatoka mbinguni, anasema, ile ni yangu! Bazee banasema, ile shuka ni yetu! Sasa bote banajua ni nani iko kule juu. Banaanza kukimbia."

Mimi nikashituka. Hiyo haikuwa filme! Kwenye filme ndege inaanguka ziwani, yule mama anaogelea na mbuzi wake mupaka kando, mvua inanyesha, wanarudi kwa miguu, wamelowana. Nilimusemea hivyo kila mara, alijua vizuri.

"Banashika ile shuka," akasema, "huyu pembe hii, huyu pembe ile, banaivuta. Lakini mama wa juu habaoni. Wingu imemufunga macho. Hajui kama kuko bantu chini. Anawaza, nikiachilia, naenda kubaumiza, ao naenda kuanguka bule. Anaogopa."

Akaishia pale. Nilijua hajafika mwisho. Nilijua ameshindwa. Na mimi, mwanamuke wa kinywa, sikuwa na sauti ya kumusaidia.

Sasa, Kasongo siku ile alikuwa amepita nyumbani kama kila yenga, akakuta mulango umefungwa, hakuna mutu wa kumuambia "ninalala". Akaogopa. Akakimbia mupaka salle kuniuliza kuna nini, akafika mulangoni wakati wa giza, akasikia ile sauti. Amesimama pale na shati yake ya misa, anahema.

"Teremusha!" akasema.

Watu wote wakageuka.

"Teremusha, Pilote. Tuko hapa chini. Polepole. Kushoto kidogo. Teremusha."

Miaka mingi alikuwa amemuambia neno hilo kwa mikono. Sasa alilisema kwa kinywa.

"Anateremuka," Célestin akasema.

"Kidogo tena. Kidogo. Simama!"

"Banamushika." Alikuwa analia, na hakujificha. "Ee. Banamushika."

"Na mbuzi?" mutoto akauliza.

"Na mbuzi."

"Na mvua?"

"Mvua inanyesha, mwanangu. Inanyesha sana."

Ee, bandugu! Kelele iliyotoka pale sijaisikia tena. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walipiga mabenchi kwa mikono, na Kasongo akapita katikati ya watu, akikanyaga miguu na kuomba pole, mupaka ukutani, akamushika rafiki yake begani. Courant iliporudi, Papa Romain akauliza kama tuangalie mwisho. Salle nzima ikajibu, "Tumeshaona!"

Tangu yenga ile Célestin alitoka. Misa, kilio, arusi, kila pahali, na mukono wake juu ya bega la Kasongo. Na mimi kila niliposema filme ile nilisema mwisho wake yeye, watu wasingekubali mwingine. Picha zilionyesha mama anaogelea, na salle iliitika, "Banamushika!" Mukitaka kujua faida ya kazi yangu, ni hiyo. Sikujenga nyumba nayo. Koo limekwisha, salle imekuwa depo ya simenti, Papa Romain ametangulia, Mungu amupumuzishe. Lakini nilirudishiwa mume, na aliyenirudishia ni watu wa benchi, pamoja na fundi mumoja wa Ujapani aliyechora mbuzi na hajui hata kama Likasi iko duniani. Nawashukuru wote. Yule wa mbali namuombea kila jioni, jina lake silijui, Mungu analijua.

Grâce ameipata ile filme kwenye telefone yake, inasema Kifaransa. Ameiangalia mupaka mwisho, akaja mbio. "Nkambo, ulisemaka bongo! Anaanguka mu maji, anaogelea!" Nikamuambia aende amuulize babu yake.

Babu yake yuko inje sasa, kwenye kiti, na Kasongo, wanakunywa munkoyo. Mbele ya sisi wenye macho kusikia kitu, ameinua kidole.

"Ndege," anasema. "Inainama kushoto."

"Rangi gani?" Kasongo anamuuliza, kwa kumutania.

"Njano."

Naweka mukono juu ya macho, natazama. Ni ndege ndogo, nyeupe, inaenda sawasawa upande wa Lubumbashi. Grâce ananitazama mimi, anangoja nitasema nini.

"Ni njano," nasema, na sauti hii kidogo iliyobakia. "Inainama kushoto."